Paka Wawili wa Kuwekwa

Daudi, Mbulu
18 Februari 2024

Mwanangu Paskalina,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia huko uliko, nami nimeshapokea. Sisi hatujambo. Mjomba wako Hhando anakusalimu, mguu wake umepona ila anachechemea akiona jembe. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, maziwa yapo mpaka nagawa. Kitunguu saumu changu kimesimama vizuri kuliko cha Efrazia jirani, na yeye mwenyewe anajua, maana siku hizi akipita anaangalia upande wa pili.

Tangu uende, hakuna anayeniita tena Mama Paskalina. Naitwa Mama Sista. Nikienda gulioni, Mama Sista. Nikienda kisimani, mpisheni Mama Sista. Jumapili iliyopita katekista Onesphory alinionyesha benchi la mbele. Nilikataa mara moja, kama inavyotakiwa, kisha nikakaa. Nilimwambia mwanamke wa Tumati aliyekaa pembeni yangu kwamba katika kata hii nzima ni mimi peke yangu mwenye binti unovisi, anayesomea usista. Akasema hakuniuliza. Nikamwambia ndiyo maana nimemwambia.

Nakumbuka asubuhi ile unaondoka. Ulimwita mjomba wako asimame awe shahidi, ukaweka kikapu chini mbele yangu, ukasema kwa sauti nzito kama mzee anayeweka ng'ombe kwa rafiki yake: "Mama Marieta, naweka kwako hawa wawili mpaka nitakaporudi. Maziwa yao ni yako, ndama ni wangu, na akifa mmoja nionyeshe ngozi." Nikakuuliza paka anakamuliwa wapi. Ukawafunga kila mmoja uzi wa sweta lako la shule, ule wa kijani, kwa sababu ng'ombe wa kuwekwa huja na kamba ya mwenyewe. Tulicheka mpaka dereva akapiga honi. Wewe ulicheka, mimi nikacheka. Basi likaondoka.

Sasa nikupe habari za paka wako. Shangazi hajambo, anakula, na bado anadhani nyumba ni yake na mimi ni mgeni. Nimeamua kumjengea mahali pake pa kukaa nje, upande wa jiko panapopata jua la asubuhi, asizurure. Dunia imeharibika, paka hafai kuzurura. Watu wamenicheka. Efrazia ameniuliza kama nitamnunulia na kiti. Nimemwambia paka huyu ni wa sista, si wa mtu yeyote tu.

Hhando alikata miti ya mkaratusi na miiba, tukajenga siku nzima, tukapiga kuta mpaka kifuani kwangu, miiba imeshonwa hata mkono haupiti. Lango alilifanya pana, dume la kulimia lingepita bila kugusa. Tulimweka Shangazi ndani tukasimama kujisifu. Akatuangalia. Akapanda juu ya nguzo, akatembea juu ya miiba kama anatembea juu ya godoro, akashuka upande wetu, akaingia jikoni. Hhando akasema, "Dada, tumejenga zizi. Zizi linazuia kinachotaka kuingia." Sisi ni watu wa ng'ombe, mwanangu, tumezoea adui anayetoka nje.

Nitajaribu tena. Andika. Najua simu hamruhusiwi mwaka huu, lakini kalamu si simu.

Mama yako anayekuombea na kukutangaza,
Marieta


Nyumba ya Unovisi
7 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Nisamehe kwa kuchelewa. Tunaandika Jumapili ya kwanza ya mwezi tu, na Kwaresima yote hatukuandika kabisa. Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikakaa nayo mfukoni mwa aproni mpaka Pasaka. Sasa inanuka vitunguu vya jikoni.

Mimi ni mzima. Tuko wanovisi tisa. Tunaamka kwa kengele, tunasali, tunafanya kazi, tunasoma. Nimepewa kuku na bustani. Huku ni joto kuliko kwetu, na hakuna ukungu. Asubuhi ninatoka nje nikitegemea kukuta mlima umefunikwa, nakuta kila kitu kiko wazi mpaka mbali, nami najiona kama mtu aliyesahau kuvaa. Msalimie mjomba, mwambie jembe halijui kwamba mguu umepona.

Nimefurahi Shangazi hajambo. Lakini Mama, barua yako ina kurasa nne na Katekista hayumo. Umeniandikia Katekista Onesphory na benchi lake. Yule mwenye manyoya meusi na kola nyeupe hukumtaja hata kwa bahati mbaya. Halafu unajenga. Mtu hajengi zizi kabla fisi hajapita. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Sikulazimishi useme. Ninajua tayari.

Kuhusu huyo aliyebaki, banda letu la kuku hapa limejengwa vizuri, nikueleze. Ni wavu pande zote na juu pia, maana mwewe hutoka juu. Chini wavu umezikwa ardhini kina cha kiganja na zaidi, usichimbwe. Na milango ni miwili. Unaingia wa kwanza, unaufunga nyuma yako, unasimama kwenye kichumba kidogo kama kabati, ndipo unafungua wa pili. Hivyo kuku hawezi kukupita miguuni. Shangazi ni mwepesi kuliko kuku yeyote, kwa hiyo usiache kichumba hicho hata mjomba akisema ni kupoteza mbao. Muwekee ubao juu wa kulalia kwenye jua, gogo la kukwaruza kucha, na sanduku la majivu makavu.

Kuna jambo nataka kukuambia, ila ukurasa umeisha, na naona ni bora liende na barua yake lenyewe.

Binti yako,
Paskalina


Daudi, Mbulu
5 Mei 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imeletwa na Onesphory mwenyewe kutoka parokiani, ameishika kwa mikono miwili kama ekaristi, na njia nzima kila aliyemwona amejua Mama Sista ana barua. Nilimkaribisha chai. Aliondoka baada ya kikombe cha tatu. Sisi wazima. Mvua imenyesha mpaka barabara ya kushuka Mbulu imekuwa uji. Maharage yamekubali. Shangazi yako Restituta wa kule Hanang alikuja kunitembelea akalala siku mbili, akakuta sweta ninalokufumia, akasema nimelifanya kubwa. Nikamwambia binti yangu anakua katika Bwana. Akasema si kwenye mabega.

Haya. Katekista alikufa mwanzoni mwa Februari.

Ilikuwa hivi. Efrazia aliweka sumu ya panya ghalani kwake. Simlaumu, sote tunaweka, mimi mwenyewe mwaka jana niliweka. Panya akala, akatoka amelewa mpaka uani kwetu, na Katekista akafanya kazi yake. Nilimkuta karibu na pipa la maji. Nilimpa maziwa, Hhando akampa mkaa uliosagwa, lakini alikuwa ameshafika mbali. Alipokata roho nilipiga kelele bila kufikiri, "Katekista amekufa." Efrazia akanisikia ng'ambo ya ua. Kabla sijafuta machozi, wanawake wa jumuiya wamejifunga vitenge wanakimbia kwenda kwa Onesphory kulia. Wakamkuta mlangoni anapaka viatu rangi. Wewe ndiye uliyempa paka jina hilo. Mimi nilikuambia tangu mwanzo.

Ngozi sina. Nilichukua kisu, nikakaa naye kitambo pale chini, kisu nikakirudisha jikoni. Nimemzika na uzi wake wa kijani nyuma ya nyumba. Kwa hiyo kwa desturi yetu mimi ni mwenye makosa. Aliyewekewa mnyama akakosa ngozi ya kuonyesha, huyo hulipa mnyama. Nina deni lako la paka mmoja, na ninalikiri mbele ya Hhando. Ukija utadai. Deni la mnyama hudaiwa na mwenyewe kwa miguu yake, hatumi mtu.

Sasa ujenzi. Hhando alikwenda mnada wa Katesh kuuza mbuzi akarudi na wavu, ule wa matundu madogo, na misumari ya senyenge. Nguzo tumezipaka oili chafu, mchwa akitaka kula aanze kuomba radhi. Tumezika wavu chini kama ulivyosema, tumefunika juu. Kabla hatujamaliza juu Shangazi alitoka tena, akakaa huko anakokujua siku tatu, akarudi ana njaa na kiburi. Ubao wa jua upo. Gogo lipo. Majivu yapo, mimi ni mtu wa kuni, majivu sikosi.

Kichumba cha milango miwili Hhando alikipinga. Nikamwambia kimeagizwa na unovisi. Akaenda kuchukua nyundo.

Kitanda chako nimekitandika upya. Si kwa sababu yoyote. Blanketi lilikuwa linahitaji kupigwa na jua.

Jambo lako hilo liandike, lisikae mfukoni pamoja na vitunguu.

Mama Sista, yaani mimi


Nyumba ya Unovisi
2 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa kuniambia habari za Katekista. Niliwasomea wenzangu ile sehemu ya wanawake wa jumuiya, tukacheka mpaka mlezi wetu akaja kuangalia kuna nini, naye akacheka. Baadaye nilikwenda bandani kwa kuku, nikakaa kichumbani pale katikati ya milango, nikalia peke yangu. Asante kwa kutomchuna.

Jambo lenyewe ni hili. Januari, Mungu akipenda, tutaweka nadhiri za kwanza. Kabla ya siku hiyo kila mmoja lazima amalize mambo ya mali yake. Mlezi alituuliza mmoja mmoja ana nini. Mmoja ana shamba aliloachiwa na babu. Mwingine ana cherehani. Nilipofikiwa nikasema, "Nina paka mmoja, amewekwa kwa mama yangu." Wenzangu wakaangua kicheko. Mlezi hakucheka. Akaniuliza kuwekwa maana yake nini, nikamweleza desturi yetu yote, kamba na ndama na ngozi. Akafikiri, akasema, "Basi huyo ni mali kweli. Naye mtoe."

Kwa hiyo Mama, deni la Katekista nimelifuta. Na Shangazi ninakupa. Si wa kuwekwa tena. Ni wako, jumla. Tafadhali mwite mjomba asikie, kisha uniandikie kwamba umepokea, maana mtu hawezi kutoa kitu ambacho hakuna aliyekipokea.

Ninakuomba unijibu mapema.

Paskalina


Nyumba ya Unovisi
4 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijapata barua tangu ile ya mwezi wa tano. Wenzangu wamepata kutoka mbali kuliko kwetu, kwa hiyo si barabara. Najua mavuno yamekaribia na kazi ni nyingi. Kama unaumwa, mwambie Onesphory aandike.

Kama huumwi, basi naelewa kwa nini huandiki, na bado ninaomba uandike.

Paskalina


Daudi, Mbulu
1 Septemba 2024

Mwanangu Paskalina,

Tumsifu Yesu Kristo. Siumwi. Mtu mwenye kazi kama zangu hapati nafasi ya kuumwa. Tumevuna mahindi mpaka ghala limekataa, na mengine yamelala chumbani kwako, samahani, lakini kitandani hatujaweka. Ng'ombe mwekundu anaendelea. Yule dume tumemwita Tajiri. Sweta nimelifumua nikalianza upya mabegani, Restituta asije akasema.

Nikuambie kuhusu banda. Limekwisha na limekuwa habari. Watu wametoka Tumati kuja kuangalia. Bwana mmoja wa mifugo aliyekuwa anapita kuchanja ng'ombe alisimama, akalizunguka, akauliza ni la sungura. Nikamwambia ni la paka. Akauliza paka gani huyo. Nikamweleza kwa kirefu binti yangu yuko wapi na anasomea nini, akachelewa kuchanja kwa watu wawili. Alisema yeye amesoma lakini hakuwahi kuona ghala lenye panya na paka aliyefungwa asile sumu katika ua mmoja. Nikamwambia panya waje wenyewe, wavu una matundu. Na kweli wanakuja, wajinga hao.

Habari kubwa. Shangazi amezaa. Zile siku tatu alizopotea hakwenda kusali. Watoto ni watatu, mmoja mweusi ana kola nyeupe, kumbe Katekista aliacha ndugu huko nje. Walizaliwa katikati ya mwezi wa sita, ndani ya banda, kwenye sanduku la majani makavu.

Na hapa nisikilize vizuri, maana nimeliwaza sana. Barua yako ilinifikia mwisho wa mwezi wa sita. Watoto walikuwa wameshazaliwa. Zawadi ya mnyama haianzi pale mtu anapofikiri kutoa, inaanza pale neno linapofika masikioni kwa aliyewekewa, na shahidi yuko. Nimemuuliza Hhando, amekubali, ingawa alikuwa anakula. Kwa hiyo siku watoto wanazaliwa Shangazi alikuwa bado wako, na ndama wa ng'ombe wa kuwekwa ni wa mwenyewe. Una paka watatu huku, mwanangu. Hata ukitoa mama yao, hao ni wako, na mimi nawatunza tu mpaka utakaporudi. Ulisema hivyo mwenyewe. Mpaka nitakaporudi. Mjomba wako ni shahidi.

Hao watatu hawajafungwa uzi. Uzi ni wa mwenyewe, siwezi kumfungia.

Mwambie mlezi wako desturi ni desturi.

Mama


Nyumba ya Unovisi
6 Oktoba 2024

Aayo,

Shikamoo. Nimefurahi huumwi. Nimefurahi na watoto wa paka, na nilicheka uliposema Shangazi hakwenda kusali. Mlezi nilimweleza hoja yako. Amesema ungefaa kuwa wakili, na amesema pia kwamba nijibu mwenyewe, kwa kuwa si yeye aliyekuuliza.

Nimechukua mwezi mzima kuijibu barua hii kichwani. Sasa naandika bila kupamba.

Unataka niwe na kitu huko ili niwe na sababu ya kuja. Nilipoweka paka kwako asubuhi ile ndivyo nilivyotaka hata mimi. Nilikuwa naogopa. Nilitaka kuacha mguu mmoja mlangoni. Nilisema mpaka nitakaporudi, na wakati ule nilidhani labda ingekuwa Pasaka tu.

Lakini nimependa hapa. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu. Sibaki kwa ajili ya benchi lako la mbele. Hata ungekaa nyuma kabisa karibu na mlango, ningebaki. Na bado kila unaponiandikia ubao wa jua na gogo na kitanda, mimi siku mbili sipo hapa. Niko jikoni kwako, nimekaa kwenye kile kigoda kinachoyumba, nasikia harufu ya moshi wa mkaratusi. Naosha vyombo vya watu huku mikono iko kwako. Mtu anaweza kupenda mahali alipo na akalilia jiko la mama yake siku hiyo hiyo. Sikujua kabla.

Januari wataniuliza mbele ya watu kama najitoa nikiwa huru. Nataka kujibu kweli. Shangazi na watoto wake wote watatu nakupa, na safari hii neno limefika. Pokea, Aayo. Sikuachi wewe. Naacha paka.

Ukikataa nitaelewa. Lakini nitasimama pale nikiwa na paka watatu moyoni, na sitajua niseme nini.

Paskalina


Daudi, Mbulu
10 Novemba 2024

Mwanangu Paskalina,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeniita Aayo, mama kwa lugha yetu ya nyumbani. Toka ulipoanza sekondari uliniita Mama, Kiswahili cha shuleni, na mimi nikajivunia. Niliposoma neno hilo la kwanza tu nikaikunja barua, nikaenda kukata majani ya ng'ombe, nikarudi jioni ndipo nikasoma iliyobaki.

Hatujambo. Mvua za vuli zimeanza. Tajiri anaharisha kidogo lakini atapona.

Jumamosi nilimwita Hhando. Nikamwita na Efrazia, nikamwita na Onesphory, ili mashahidi wasipungue, maana mimi si mtu wa kufanya kitu kwa siri. Niliwaweka uani mbele ya banda nikasoma barua yako kwa sauti, ile sehemu ya kutoa. Sehemu ya benchi nilitaka kuiruka. Kisha nikasema ikiwa nitaruka nitakuwa sijapokea vizuri, nikaisoma. Onesphory akaangalia viatu vyake. Efrazia hakucheka. Alisema tu, "Mama Paskalina, keti." Nikaketi. Ni mara ya kwanza mwaka mzima mtu kuniita hivyo, na nilikuwa nimesahau jinsi jina hilo linavyonikaa.

Kisha nikasema mbele yao: nimepokea. Shangazi ni wangu. Watoto wake ni wangu. Hakuna mnyama wa Paskalina katika ua huu.

Hhando akaniuliza, "Na kamba?"

Unajua desturi. Ng'ombe akitolewa jumla, kamba ya mwenyewe hurudi kwa mwenyewe, na mnyama hufungwa kamba ya nyumba yake mpya. Nikaingia bandani. Shangazi alikuwa juu ya ubao, jua limempata upande mmoja. Ule uzi wako umefifia, umekuwa rangi ya majani makavu, na fundo lilikuwa limekaza, ikabidi nilifungue kwa meno. Hakunikwaruza. Alinivumilia kama anavyowavumilia wageni. Nimemfunga kipande cha kitenge changu cha zamani, kile cha bluu nilichokubebea mgongoni. Uzi wako nimeuweka ndani ya barua hii. Ukiona manyoya, usiyapulize.

Yule mweusi mwenye kola nimempa Efrazia, lakini sikumpa, nimeweka kwake, na sharti ni kwamba sumu haingii ghalani mwake tena. Nimemfunga kamba yangu. Hhando ameshaanza kumjengea banda, na Efrazia anasema lake litakuwa kubwa kuliko langu. Tutaona. Mwingine Onesphory aliomba. Nikamuuliza atamwita nani. Akasema, "Mama Sista, ili nami nipige kelele siku moja." Nimempa. Alistahili. Wa tatu amebaki na mama yake.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikuandika kwenye barua zote hizi. Kile kichumba chako cha katikati, kati ya milango miwili, nilikiwekea kigoda. Kile kile kinachoyumba. Kila jioni nikipeleka maziwa naufunga mlango wa kwanza nyuma yangu, na kabla sijafungua wa pili naketi. Si ndani, si nje. Hapo hakuna anayeniita chochote, hakuna wa kumwambia binti yangu yuko wapi. Huwa nalitaja jina lako, Paskalina, polepole mpaka Shangazi anakasirika kwa njaa. Miezi yote hii nimefanya hivyo, na watu wanadhani napenda sana paka.

Kumbe na wewe ulikaa kwenye kichumba kama hicho kwa kuku wako. Nilipokumbuka hilo nilisema, basi, jioni huwa tuko sehemu moja.

Januari nitakuja. Hhando atakuja, na sweta limekwisha, mabega ni sawasawa, nimepima kwa mtoto wa Restituta. Usinitafute mbele. Nitakaa nyuma karibu na mlango, na wakikuuliza kama uko huru, uwajibu bila kugeuka kuniangalia, maana ukigeuka mimi nitalia kwa sauti na wewe unajua sauti yangu.

Jambo moja tu muulize mlezi wako kabla ya siku hiyo, kwa heshima. Muulize kama mama naye ni mali. Akisema si mali, vizuri. Akisema ni mali na ni lazima umtoe, mwambie mama huyo ameshauliza mashahidi wote, na hakuna nyumba nyingine iliyokubali kumpokea. Itabidi ubaki naye.

Mahindi nimeyatoa chumbani kwako. Kitanda sikukikunja. Mgeni atalala.

Aayo wako,
Marieta, Mama Paskalina